Sanduku la Umeme Linalolala: Uchambuzi kwa Wafugaji wa Nyoka, Kobe na Vinyonga

Ndugu watazamaji, karibuni tena Malindi. Sanduku hili la umeme mnaloliona juu ya meza, lenye betri ya lithiamu ya wati-saa 500, nimelinunua kwa fedha zangu, hakuna duka lililonipa, na leo nitasema yote niliyo nayo moyoni, kwa sababu lina tabia moja, ya kujizima lenyewe, inayoweza kumuua mnyama huku mwenyewe ukiamini kwamba umemlinda. Chapa yake sitaitaja, kwa kuwa tabia hiyo imo katika masanduku mengi ya aina hii, na atakayeikimbia chapa moja anaweza kuikuta nyumbani kwa chapa nyingine. Uzito, idadi ya soketi na urefu wa waya mtavisoma kwenye kasha. Mimi nitashughulika na kile ambacho kasha halikisemi.

Kwanza tuelewane tunajikinga na nini. Mnyama atambaaye hatengenezi joto la kumtosha ndani ya mwili wake, bali hulichukua kutoka mahali alipo, na ndiyo maana umeme ukikatika yeye huathirika kuliko paka au mbuzi. Video nyingi za matayarisho ya kukatika kwa umeme hutoka Uingereza, Marekani na Kanada, ambako usiku wa Januari taa ya joto ikizimika chumba hupoa ndani ya saa chache, na kwa hiyo wenzetu wa huko hufundishana kufunika vizimba kwa mablanketi na kuweka chupa za maji moto. Kwao ni ushauri sahihi kabisa. Lakini hapa kwetu, hata usiku wa kusi mwezi wa Julai, ni nadra joto kushuka chini ya nyuzi 20, na chatu mzima mwenye afya atauvuka usiku huo bila taa yoyote. Adui wetu yuko upande wa pili. Kaskazi inapolegea mwezi wa Machi na masika hayajaanza, chumba chenye paa la mabati ambacho feni yake imezimika huanza kupanda joto mapema asubuhi, na mnyama aliyefungiwa ndani ya kizimba cha kioo hana pa kukimbilia. Mwenye paa la makuti ana nafuu kubwa, na ningekuwa na uwezo ningeezeka makuti kabla ya kununua betri ya aina yoyote.

Anayenitia wasiwasi zaidi ni kinyonga wa nyanda za juu, yule ambaye dume lake lina pembe tatu usoni, ambaye asili yake ni miteremko ya Mlima Kenya, ambako usiku kuna baridi ya kweli. Kumweka pwani ni dhamana nzito. Joto likimzidi rangi yake hupauka, naye huachama kinywa, na ukiziona dalili hizo ujue muda uliobaki ni mchache. Kwa wanaoniandikia wakiuliza wapi watampata, jibu langu halijabadilika: chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013, kufuga wanyama wa porini, kobe wakiwemo, kunahitaji kibali cha KWS, yaani Shirika la Wanyamapori la Kenya, na asiyekuwa nacho aanzie huko.

Sasa tuje kwenye tabia yenyewe, na naomba mtulie nami kwa sababu nitaionyesha polepole.

Hii hapa ni mashine ya kutotolesha mayai. Ndani sikuweka mayai, nimeweka vyombo vyenye mchanga mbichi pamoja na kipimajoto, ili jaribio lisiwe na hasara. Themostati, yaani kidhibiti joto kinachowasha na kuzima chenyewe, nimeiweka nyuzi 30. Nachomeka mashine kwenye sanduku na kubonyeza kitufe cha soketi za volti 240, na mnaona skrini inaonyesha kwamba wati 40 zinatoka. Chumba hiki sasa hivi kina nyuzi 29. Kwa hiyo mashine haina kazi kubwa, inapasha joto kidogo tu, inafika nyuzi 30, na themostati inakata. Tazameni skrini: wati zimeshuka hadi sifuri. Hakuna kilichoharibika, mashine inapumzika kama ilivyoundwa. Lakini sanduku halilijui hilo. Sanduku linaona kwamba hakuna kifaa kinachokula umeme, linaanza kuhesabu muda kimyakimya, na muda huo ukiisha linazima soketi zote ili kuhifadhi chaji. Nimeharakisha picha msichoke kusubiri. Hapo! Taa ya kitufe imezimika. Betri bado imejaa karibu yote, lakini soketi zimekufa, na themostati ikitaka kuwasha tena baada ya chumba kupoa haitapata kitu, wala sanduku halitaamka lenyewe mpaka mtu aje abonyeze kitufe.

Hebu tulitafakari jambo hili kwa makini, kwa sababu hapa ndipo wachambuzi wa nchi za baridi wanapopitwa. Katika chumba cha London chenye nyuzi 15, mashine hii hii ingepasha joto karibu mfululizo, sanduku lisingepata nafasi ya kulala, na mchambuzi angelisifu kwa moyo mweupe. Hapa Malindi chumba kinakaribia joto la mashine yenyewe, mapumziko ya themostati ni marefu, na kwa hiyo sanduku linalala. Hali ya hewa yetu ndiyo inayoifichua kasoro hii.

Kwa upande wa mayai, ni lazima niseme kwa haki kwamba madhara yanaweza yasiwe makubwa. Mayai ya kobe huvumilia kupoa kwa saa chache kuliko yanavyovumilia kuzidishiwa joto, ingawa kwa kobe wengi joto la mayai ndilo linaloamua watakaoanguliwa wawe madume au majike, na hivyo hatutaki libadilike ovyo. Kinachonikasirisha ni feni. Wafugaji wengi huiunganisha feni na themostati, iwake joto likifika nyuzi 28 na izime likishuka. Chukulia kwamba umeme umekatika usiku. Chumba kimepoa kwa upepo wa bahari, feni haihitajiki, sanduku linahesabu na kujizima alfajiri. Wewe umekwenda kazini ukiwa na amani, kwa kuwa kabla ya kulala uliona chaji imejaa. Jua linayapiga mabati, themostati inaiita feni, na feni haina umeme ilhali betri ina chaji tele. Mnyama anakufa kando ya sanduku lililojaa.

Tiba zipo, na nimezijaribu zote mbele ya kamera. Ya kwanza ni kuingia kwenye programu ya simu na kuondoa kujizima. Sanduku hili linaruhusu, lakini fanyeni jaribio hili: liacheni liishe chaji kabisa, lijazeni tena, kisha mwangalie kama mpangilio wenu umebaki. Katika hili langu umerudi ulivyotoka kiwandani, na soketi hazikuwaka zenyewe baada ya umeme kurudi. Tiba ya pili, ninayoiamini zaidi, haihitaji simu: chomekeni kitu kidogo kinachokula umeme bila kukoma. Nilianza na taa ndogo, lakini kadiri ninavyolitumia sanduku hili ndivyo ninavyoona kwamba feni yenyewe inatosha, ikiondolewa themostati na kuachwa izunguke usiku na mchana. Feni yangu ya wati 25 inaliweka sanduku macho, na pembeni yake mashine ya mayai inapumzika na kuamka inavyotaka. Ukihesabu upotevu wa inveta, yaani sehemu inayoubadili umeme wa betri uwe wa volti 240, katika wati-saa 500 hubaki takriban 425 za kutumia, yaani kama saa 17 kwa feni peke yake, na zaidi kidogo ya saa 9 ukiongeza mashine ya mayai inayokula wastani wa wati 20.

Je, zinatosha? Kukatika kwa kawaida, ndiyo. Lakini mnakumbuka Ijumaa ya tarehe 25 Agosti 2023, giza lilipoifunika karibu nchi nzima usiku, na kwa sehemu nyingi umeme haukurudi hadi siku iliyofuata. Kwa usiku wa namna hiyo ni afadhali feni ya volti 12 yenye wati 15, iliyochomekwa kwenye soketi ya duara iliyo pembeni, kwa sababu hapo inveta haitumiki na feni inaweza kufika karibu saa 30. Ila hakikisheni kwanza kama soketi hiyo nayo haina tabia ya kujizima.

Kabla sijaendelea, kuna tangazo la chaneli. Kuanzia mwezi ujao video zitatoka Jumamosi asubuhi badala ya Ijumaa, kwa kuwa wengi wenu wa Lamu na Mpeketoni mmesema Ijumaa hampati nafasi. Ambao hamjajiandikisha, jiandikisheni.

Turudi kwenye bei. Sanduku hili limenigharimu shilingi 62,000, na kwa fedha hizo ni lazima tuwatazame washindani wake. Betri ya kawaida ya sola ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwa hesabu, ingawa ya risasi na asidi haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo mnabaki na 600, na hata ukiongeza inveta ndogo bado unalipa kidogo kuliko mimi. Ni nzito, haina skrini ya kupendeza, na vichwa vyake huliwa na chumvi ya upepo wa bahari usipovipaka grisi, lakini inveta nyingi za bei nafuu hazina akili ya kujizima, na safari hii kukosa akili ni faida. Jenereta siipendekezi karibu na wanyama. Moshi wake una kaboni monoksaidi, na chumba cha nyoka hufungwa madirisha ili nyoka wasitoke, hivyo gesi hiyo ikiingia haina njia ya kutoka.

Pia kuna kinga isiyohitaji betri, na nashangaa kwamba haizungumzwi. Jazeni chupa za maji, zigandisheni kwenye friza, na umeme ukikatika zifungeni kwa kitambaa na kuziweka juu ya wavu wa kizimba, kwani hewa baridi hushuka chini. Kitambaa kisikosekane, ili mnyama asigusane na barafu. Chupa hizo pia huifanya friza ikae na baridi muda mrefu, jambo linalowahusu wanaohifadhi panya wa kulisha nyoka. Panya aliyeyeyuka na kupata joto asigandishwe tena, atupwe.

Na wenye kibali cha nyoka wa sumu, kama bafe na fira, wasifungue kizimba gizani kwa sababu yoyote, hata kama kipimajoto kinawatisha. Tochi ya kichwani yenye betri mpya, kufuli zilizokaguliwa kabla ya jua kuzama na mtu wa pili chumbani ni vitu vinavyotangulia sanduku lolote la umeme. Bio-Ken, kile kituo cha nyoka, wako karibu nasi, pale Watamu, na kazi yao ya miaka mingi kuhusu kuumwa na nyoka inajulikana, lakini asitokee mtu wa kuiweka mbele dawa ya sumu kama mpango wake wa usiku wa giza.

Kwa hiyo, nilinunue tena? Nilipoanza kurekodi nilikuwa tayari kusema hapana. Sasa nasema ndiyo kwa mwenye feni inayozunguka bila kukoma, na hapana kwa mwenye mashine ya mayai peke yake, ambaye betri ya sola itamfaa zaidi. Ambaye tayari ana sanduku la chapa yoyote, naomba leo hii achomeke kifaa chenye themostati, asubiri sanduku lijizime, kisha aandike hapa chini muda uliopita na kama mpangilio ulibaki baada ya chaji kuisha. Majibu yenu nitayapanga kwa ukubwa wa betri na kuyaonyesha Jumamosi ya kwanza.