Spätburgunder ya Ujerumani: ipi ununue, ipi uiache rafuni

Tangu baridi ianze, wasomaji wanaoishi huku Ujerumani wananiandikia lalamiko lile lile: wamenunua Spätburgunder, mvinyo mwekundu wa huku, ya bei ya kueleweka, wamepika, wamekaribisha wageni, halafu mvinyo ukanuka vanila na ubao uliobabuliwa na moto. Ladha ya chakula haikusikika tena. Mmoja aliupeleka mezani na kuku wa kupaka, anasema ulimkifu hadi akaisukuma sahani. Mwongozo huu ni kwa ajili ya kasoro hiyo, maana wauzaji hawaigusii kabisa.

Spätburgunder ni zabibu ile ile ambayo Wafaransa huiita Pinot Noir. Ujerumani ni ya tatu duniani kwa kuilima, nyuma ya Ufaransa na Marekani. Ganda lake ni jembamba na kwenye baridi huiva polepole, ndiyo maana mvinyo wake una rangi hafifu, uchachu wa kuamsha mate, ukakasi mdogo, na harufu ya cheri, stroberi na udongo wa msituni. Harufu hiyo ndiyo unayoilipia, na pipa jipya la mwaloni huiua kwanza.

Pipa dogo la lita 225, ambalo kwenye lebo huitwa Barrique, likiwa jipya huachia vanila, moshi na harufu inayofanana kabisa na nazi. Mvinyo mzito wa nchi za jua kali unaweza kuyabeba hayo. Huu hauwezi. Ukiuweka mbele ya mchuzi wa tui, nazi mbili zinakutana, moja ya kweli na moja ya mbao, na hicho ndicho kilichomkuta msomaji wangu. Kwa hiyo geuza chupa usome nyuma. Ukikuta Barrique kwenye chupa ya bei ya kati, irudishe. Neno Holzfass, yaani pipa la mbao, halinitishi, kwa sababu mara nyingi ni pipa kubwa lililotumika miaka mingi, na mbao yake imekwisha makali.

Nyumbani iweke kwenye friji nusu saa; nyuzi 14 hadi 16 zinatosha. Mimina kidogo kwenye bilauri pana, unuse kabla ya kuonja. Cheri itangulie. Vanila ikitangulia, mlo wako uko hatarini.

Namba moja kwangu ni mkulima Ziereisen wa Efringen-Kirchen, kusini kabisa mwa mkoa wa mvinyo wa Baden, karibu na mji wa Basel wa Uswisi, na upendeleo wangu siufichi. Anzeni na mvinyo wake uitwao Tschuppen. Lebo inasema Badischer Landwein, daraja la chini kisheria, na wengi huipita kwa sababu hiyo tu. Wenyewe wamechagua kuuza kwa daraja hilo kuliko kutengeneza mvinyo wa kuzifurahisha kamati za kuonja zinazotoa daraja la juu. Cheri yake ni chachu, ina chembe ya chumvi, na mbao haipigi kelele. Upeni pilau ya ng'ombe yenye karafuu na mdalasini, au uyoga uliokaangwa kwa siagi, au bata wa kuoka kama Wajerumani wanavyomla Krismasi. Pilipili kali iwekeni mbali, inaugeuza mvinyo huu kuwa siki.

Ya pili ni Bernhard Huber wa Malterdingen. Mzee alifariki mwaka 2014, na mwanawe Julian amepunguza mbao kuliko zamani. Ni mvinyo wa nyama ya mwituni na wa sikukuu, kwa sababu bei yake haina huruma.

Ya tatu, bonde la Ahr, kusini mwa Bonn, penye miteremko ya miamba myeusi inayotunza joto la mchana. Ushirika wa Mayschoß-Altenahr upo tangu 1868. Mafuriko ya Julai 2021 yaliwaua watu zaidi ya 130 bondeni humo na kusomba mapipa ya wakulima wengi, nami nafurahi kila ninapoona chupa zao zimerudi dukani. Zijaribuni na jodari wa kuchoma.

Za chini ya yuro 6 sina mengi ya kusema. Umoja wa Ulaya uliruhusu vipande vya mwaloni ndani ya mvinyo mwaka 2006, kwa hiyo hata bei ndogo haikuepushi na vanila. Chagua iliyoandikwa trocken, yaani kavu, isiyo tamu, basi.

Na linaloniudhi kuliko yote: Mwafrika akiingia dukani kuulizia Spätburgunder, muuzaji humpeleka kwenye rafu ya lieblich, yenye sukari zaidi ya gramu 18 kwa lita, kana kwamba ulimi wetu haujui uchachu, sisi tuliokulia kwenye ukwaju na ndimu! Au humpa chupa nzito yenye Barrique ya yuro 30, akimsifia uzito wa kioo. Mwambieni: trocken, ohne neues Holz, yaani kavu, bila mbao mpya. Asipoelewa, nendeni kwa mkulima mwenyewe. Wengi wao huuza nyumbani kwao, na watawaonjesha kabla hamjatoa hata senti.