Feni ya tenki au chila? Nimetumia zote kwa aksoloti, Dar hii hii

Wadau mnaofuga aksoloti (mnyama wa majini mwenye mkia, ndugu wa chura) au mnaotaka kuanza, hii inawahusu: tenki lake upoze kwa feni au kwa chila, yaani mashine ya kupoza maji. Nilianza na feni ile ndogo ya kubana pembeni ya tenki, duka moja Kariakoo, jamaa akaniapia "hii inashusha mpaka kumi na nane boss". Wapi! Maji yalikuwa nyuzi 30, yakashuka mpaka 27 yakagoma hapo hapo. Na siyo kwamba feni ni mbovu, inazunguka vizuri na haina kelele, shida feni inapooza kwa kufanya maji yawe mvuke, sasa hewa ya Dar imeshashiba unyevu, mvuke uende wapi? Mwenye tenki Njombe kwenye baridi hata asisumbuke kusoma. Kwa gapi (wale samaki wadogo wa mapambo) feni inatosha kabisa, ila aksoloti ni salamanda wa Xochimilco kule Meksiko, anataka 16 hadi 18, ikivuka 24 anaanza kugoma kula na ukungu unamshika kwenye matamvua (vile vishada vya kupumulia pembeni ya kichwa).

Nikahamia chila ya kompresa, bei ni kama unanunua friji na kweli ndani ni friji tu, pampu inasukuma maji yanapita humo yanarudi ya baridi. Nimeiseti 17, themomita yangu inasoma 18, sijali. Kinachoniudhi ni kwamba inatoa joto nyuma, chumba kidogo kinakuwa tanuri, iweke dirishani. Luku nayo inakimbia aisee. Umeme ukikatika natumbukiza chupa za maji yaliyoganda kwenye tenki, zinaelea humo mpaka urudi.

Ila matokeo nimeyaona, maji yalipotulia jike akataga usiku, asubuhi mayai yamebandikwa moja moja kwenye majani, mamia! Watoe wazazi haraka maana wanayala. Wiki mbili tatu yanaanguliwa, na vitoto havigusi chakula kisichotikisika, ni chakula hai tu kama atemia (vikamba vidogo sana), ukichelewesha vinang'atana miguu (inaota tena, usilie).

Feni naipa mbili kwa tano, chila nne. Garantii ipo, ila wanadai boksi lake na risiti, kwa hiyo boksi usimpe mtoto achezee.