Vocha ya Section 8: inafaa, ila kuipata ni kazi

Section 8 ni mpango wa serikali ya Marekani unaosaidia familia zenye kipato kidogo kulipa kodi ya nyumba. Kwa familia iliyotoka makazi ya dharura, vocha hii inazidi msaada wa kodi wa miezi michache. Utafiti wa serikali uliofuatilia familia 2,282 katika maeneo 12 ulikuta kwamba kwa waliopewa ruzuku ya kudumu, kama vocha hii, ukosefu wa makazi ulipungua kwa takriban nusu. Watoto pia walihamahama shule mara chache zaidi.

Hesabu yake ni hivi. Familia hulipa karibu asilimia 30 ya kipato baada ya makato. Kipato hicho kikiwa dola 1,500 kwa mwezi, unalipa 450; kiwango cha eneo, yaani kodi ya juu inayotumika kukokotoa ruzuku, kikiwa 1,400, mamlaka ya nyumba (ofisi inayosimamia vocha) humlipa mwenye nyumba 950. Ukipenda nyumba ya 1,600, ile 200 ya ziada ni yako: jumla 650. Hapo utakataliwa, maana mwanzoni mchango wako hauruhusiwi kuvuka asilimia 40, yaani 600. Umeme na maji huhesabiwa humohumo, na wengi hunaswa hapo.

Udhaifu? Orodha ya kungoja huchukua miaka. Ukishapewa, muda wa kutafuta nyumba huanzia siku 60, na katika majimbo mengi mwenye nyumba anaweza kukataa vocha. Amana kwa kawaida hailipiwi, basi itafute mapema. Ukaguzi wa nyumba nao hukwamia vitu vidogo: kengele ya moshi isiyolia, dirisha lisilofunga. Kipato kikibadilika, toa taarifa upesi. Kunyamaza huzaa deni, hata kufutiwa vocha.