Klampu ya dukani na hii niliyoichonga mwenyewe, ipi inashika?

Assalaam alaykum jamani, karibuni tena karakanani kwangu hapa Jang'ombe, Unguja. Leo nnazo klampu mbili mezani, vile vifaa vya kubania chuma kisicheze ukikitoboa, hii ya buluu nlinunua dukani na hii nyeusi nimeichonga mie mwenyewe, nataka nikuonyesheni kwa nini ya buluu skuizi inalala kwenye droo.

Tazameni taya zake. Hizi zimemiminwa, na siku ya kwanza tu nimeshikia bati nene nitoboe, nikakaza, mara ncha zikaachia mdomo, yani nyuma imeshika mbele hamna kitu, biti ya drili kugusa tu bati likazunguka likapita karibu na kidole changu. Wiki ya pili hesi, yani ile mizunguko ya bolti, zikaliwa. Nlikasirika, wallahi, kwa sababu mtu unaiamini klampu unaweka mkono hapo.

Haya, sasa hii yangu. Ni chuma cha pembe nne milimita 16, vipande viwili vya milimita 100, mabaki ya fundi wa magrili hapa mtaani. Bolti mbili za M8, yani unene milimita 8, ndefu, na angalieni kichwani pameandikwa 8.8, alama ya nguvu ya bolti, zile zisizo na maandishi ziacheni dukani.

Kazi yote ipo kwenye matundu, hapa nifuatilieni taratibu. Bolti ya kati inavuta taya zije pamoja, bolti ya nyuma inazisukuma ziachane, kwa hiyo ukikaza ya nyuma, ncha za mbele ndo zinabana. Taya moja lina matundu mawili ya hesi. Lenzake lina tundu moja la kupita bolti bila kugusa, na nyuma lina kishimo tu, hakitoboki. Mie nimezifunga taya mbili pamoja kwenye jiliwa, ile ya kubania ya mezani, nikatoboa kwa biti ya milimita 6.8, ile ya kati ikapita zote mbili, ya nyuma ikapita moja ikaingia kwa lenzake kama milimita 5 basi nikasimama. Ukitoboa hivyo matundu yanatazamana yenyewe, huna haja ya kupima mara mbili. Halafu tundu la kati la taya lisilo na hesi nikalipanua kwa biti ya 9. Drili iende kama mizunguko 1000 kwa dakika, na mafuta, msione uvivu mafuta.

Tepu sasa, ile ya kukatia hesi ndani ya tundu, M8, nusu mzunguko mbele, robo nyuma, chenga zikatike. Ukilazimisha inavunjikia ndani, na tepu ni ngumu haitoboleki, taya lote linakwenda. Ncha ya bolti ya nyuma nimeisaga hesi zikaondoka, imebaki unene kama milimita 6, ndo inaingia kwenye kile kishimo ikageuka vizuri.

Kusawazisha taya nimetumia tupa tu. Ami yangu ndo alinifunza, umeme ulipokatika Unguja kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, miezi 3 mashine zote zimekufa, yeye anapiga tupa kila siku na kazi za watu zinatoka. Unasimama vizuri, tupa inakata ikienda mbele tu, ikirudi unainyanyua.

Kuna mmoja kaniuliza mbona sikuipasha moto nikaizamisha majini iwe ngumu. Yakhe, chuma hiki cha magrili kaboni yake ndogo, utaizamisha mpaka kesho haigeuki ngumu ya maana. Na mie nimeona laini yanitosha, ikipata kovu naipitishia tupa.

Sasa jaribio, hapa ndo pa kuangalia. Nakata karatasi mbili nyembamba, moja naiweka kwenye ncha ya taya, nyengine ndani karibu na bolti, nakaza, navuta. Ya ncha imegoma. Ya ndani… imetoka kidogo. Basi nalegeza ya nyuma kidogo tu, nakaza ya kati, navuta tena, mnaona, zote mbili zimegoma. Ile ya buluu nimejaribu asubuhi, karatasi ya ncha ilitoka kila mara.

Kasoro yake moja, sikuipaka rangi, na hewa yetu hii ya chumvi ukiiacha wiki imeota kutu kwenye hesi. Naipaka grisi kila Ijumaa asubuhi naifunga kwenye kitambaa.