Kisanduku cha Kupimia Usanisinuru na Upumuaji wa Majani: Tathmini Baada ya Miezi Miwili

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kisanduku chenye kuta angavu, kinachozibwa kwa ukanda wa mpira usiopitisha hewa. Ndani yake mna kihisi cha hewa ukaa, kipimajoto na feni ndogo ya kuchanganya hewa, na juu ya kifuniko kuna taa inayoweza kuongezwa au kupunguzwa mwanga. Kimekusudiwa walimu wa baiolojia na watu wenye vitalu vidogo vya miche, nami nimekitumia kwa miezi miwili kupima majani ya maharage, ya mahindi na ya mimea michache inayopenda kivuli. Ninakipendekeza, ingawa kijitabu chake cha maelekezo kina kosa ambalo mtengenezaji anapaswa kulisahihisha.

Ubora wake mkubwa uko katika ile taa. Mwanga ukiwa mkali, tarakimu za hewa ukaa hushuka, kwa kuwa jani huitumia katika usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga; na taa ikizimwa hupanda, kwa kuwa jani huitoa katika upumuaji, yaani kuvunjavunja chakula ili kupata nishati. Hilo kila mwanafunzi hulitarajia. Lakini ukipunguza mwanga kidogo kidogo, unafika mahali ambapo tarakimu husimama kabisa, na hapo ndipo somo lenyewe lilipo. Jani halijasita kufanya kazi: kloroplasti (sehemu za seli zinazofanya usanisinuru) zinachukua hewa ukaa kwa kasi ileile ambayo mitokondria (sehemu za seli zinazofanya upumuaji) zinaitoa. Mmea ukiachwa katika mwanga wa kiasi hicho mchana kutwa hauwezi kukua, na usiku ukiingia utaanza kula akiba ya wanga uliyojiwekea. Majani ya mimea ya kivulini yalifika mahali hapo katika mwanga hafifu zaidi kuliko majani ya maharage, kwa sababu upumuaji wake ni wa polepole na hivyo deni la kulipa ni dogo. Nimefundisha jambo hili kwa michoro kwa muda mrefu, na sikuwahi kuona wanafunzi wakilielewa upesi kama walivyolielewa kwa kutazama tarakimu zilizogoma kusogea.

Jaribio lililonifurahisha kuliko yote ni la kuliacha jani katika mwanga mkali ndani ya kisanduku kilichofungwa. Jani la mahindi lilifyonza hewa ukaa karibu yote, ilhali lile la maharage liliishia pale ambapo bado yalikuwepo makumi kadhaa ya sehemu za hewa ukaa katika kila sehemu milioni za hewa. Tofauti hiyo inatokana na kimeng'enya kiitwacho Rubisko, yaani protini inayonasa hewa ukaa katika usanisinuru, ambacho katika maharage hunasa pia oksijeni badala ya hewa ukaa na kuupotezea mmea sehemu ya kaboni uliyokwisha kuipata. Mahindi yana njia ya kuilimbikiza hewa ukaa karibu na kimeng'enya hicho, kwa hiyo hayapati hasara hiyo ila kwa kiasi kidogo sana.

Kasoro ya kwanza ni joto. Taa ikiwaka kwa nguvu kwa muda, hewa ya ndani hupata joto, na mtumiaji asiyekuwa mwangalifu atadhani anapima athari ya mwanga peke yake. Hili si dogo, kwani kwa kawaida kasi ya upumuaji hukaribia kuwa maradufu joto linapoongezeka kwa nyuzi 10 za Selsiasi, wakati usanisinuru wa mimea kama maharage hufika kilele kisha ukapungua. Mimi huweka chombo bapa chenye maji baridi kati ya taa na kifuniko. Mtengenezaji angeweza kukiongeza bila taabu. Vikonyo vya majani navyo ni lazima vitumbukizwe katika kichupa cha maji, kwa kuwa jani linalonyauka hufunga stomata zake, yaani vitundu vidogo vya kupitishia hewa, na vipimo vyote vikaharibika. Ukiweka chungu chenye udongo, vijidudu vya udongoni hupumua pia, na kihisi hakina njia ya kuwatenganisha na mmea.

Sasa kijitabu. Kinasema kwamba mmea hutengeneza chakula mchana na kupumua usiku, kauli ambayo kifaa chenyewe kinaikanusha. Mnamo 1779 Jan Ingenhousz, daktari na mwanasayansi Mholanzi, alieleza kwamba sehemu za kijani husafisha hewa zikiwa katika mwanga tu, na kwamba gizani mimea huichafua. Lakini upumuaji haukomi jua linapochomoza, bali hufichwa na usanisinuru unaouzidi. Zaidi ya hayo, kijitabu kinauita upumuaji hasara. Ni kweli kwamba takriban nusu ya kaboni inayonaswa na mmea hurudi hewani kwa njia hiyo, lakini nishati inayopatikana ndiyo inayojenga protini, kufyonza madini na kurefusha mizizi. Udongo uliotuama maji hudhoofisha mmea hata kama majani yake yanapata jua la kutosha, kwa sababu mizizi imekosa oksijeni ya kupumulia.

Kihisi chenyewe ni cha kuaminika, mradi kabla ya kila kazi ukirekebishe katika hewa ya nje, ambayo kwa sasa ina hewa ukaa ya takriban sehemu 420 kwa milioni. Anayetaka kupima mche mzima pamoja na mizizi yake atafute kisanduku kikubwa zaidi. Hiki kinatosha jani moja au mawili, na kwa darasa la sekondari hayo yanatosha.