LG 24GN600 ya Kariakoo: Hz 144 zinatosha, pesa inayobaki nunua mkono wa kushikia monita

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma mkiwa tayari mmesimama dukani na muuzaji anawatolea macho. Kama kompyuta yako ni ya kawaida, unacheza Counter-Strike 2 (CS2) au Valorant kwa ushindani na mfuko wako hauvuki laki tano, chukua monita ya inchi 24, 1080p, kioo cha IPS, Hz 144 au 165, yaani picha mpya 144 au 165 kila sekunde. Mimi nilichukua LG 24GN600-B kwa bei ya chini kidogo ya laki nne na nusu, naichezea usiku nikitoka kazini, na imenifaa. Anayekuvuta kwenye Hz 240 mwambie asubiri kwanza.

Kioo cha Hz 60 kinakuletea picha mpya kila baada ya milisekunde 16.7. Cha Hz 144 kinaleta kila baada ya 6.9, kwa hiyo umeokoa karibu milisekunde 10, na hizo jicho linaziona. Ukipanda kutoka 144 hadi 240 unafika 4.2. Umeokoa chini ya milisekunde 3, na kwenye maduka niliyozunguka bei ilikuwa imeruka kwa laki mbili na ushee. Halafu Hz 240 zinataka kompyuta ya kuzilisha. Yangu ni ya kuunga, prosesa ya Ryzen 5 3600 na kadi ya picha ya GTX 1660 Super, vyote mtumba. Kwenye CS2 nikishusha mapambo yote inatoa kati ya fremu (picha) 150 na 200 kwa sekunde, na moshi ukitanda huku watu wanarushiana risasi, inateremka zaidi. Ningelipia fremu ambazo hazipo.

Tofauti na monita yangu ya zamani? Kwa Hz 60, adui anayekatiza katikati ya ramani ya Mirage anaruka kipande kwa kipande. Kwa 144 unamfuata kwa jicho mpaka anapoingia nyuma ya ukuta. Mdogo wangu, ambaye gemu haimhusu hata kidogo, alikaa kuandika barua ya maombi ya kazi, akasogeza mshale wa mausi, akaniuliza, “Dada, umenunua kompyuta nyingine?”

Sasa aina ya kioo, na hapa ndipo watu wanapigwa. Kwenye bei hii utakutana na TN, VA na IPS. TN ina kasi lakini ukikaa upande kidogo rangi zinapauka. VA ndiyo inayouzwa sana ikiwa imepinda, na dukani inapendeza kweli, nyeusi yake ni nyeusi haswa: tofauti ya mwanga na giza huwa kama 3000 kwa 1, wakati IPS huwa kama 1000 kwa 1. Shida ya VA za bei ya chini ni kwamba pikseli, zile doti ndogo zinazounda picha, zinachelewa kutoka gizani. Nilimwomba muuzaji afungue CS2 kwenye VA moja, nikaingia handaki la B la ramani ya Dust II na kugeuza kamera haraka. Kila kilichokuwa cheusi kiliacha mkia kama wino uliomwagikiwa maji. Kwa filamu sawa. Kwa mtu anayevizia kona yenye giza, hapana.

Usidanganyike pia na “1ms” kwenye boksi. Ikiandikwa MPRT, maana yake taa ya nyuma inazimwa na kuwashwa haraka ili jicho lisione ukungu, na mwanga wa kioo unapungua. Ikiandikwa GtG, ni muda wa pikseli kubadilika. Hii LG inatangaza 1ms GtG, lakini hiyo unaipata ukiweka Faster kwenye menyu ya Response Time, na ukiweka hapo vitu vinavyokimbia vinapata kivuli cheupe pembeni. Mimi nimeacha Fast. Rangi ni nzuri, mwanga wa niti 300 unatosha chumbani kwangu hata mchana pazia likiwa wazi. Spika haina, kuna tundu la hedifoni.

Kitu ambacho sikukipenda ni stendi. Inainama mbele na nyuma, basi. Haipandi wala haishuki. Ipo ndugu yake, 24GN650, ambayo stendi yake inapanda, inashuka na hata kugeuza kioo wima. Wauzaji wengi wanaziita zote mbili “LG ya gemu ishirini na nne”, kwa hiyo soma namba kwenye boksi mwenyewe. Mimi nilichukua 600 makusudi, nikaongeza mkono wa kubana mezani, kwa sababu nyuma ina matundu ya skrubu ya kufungia mkono, yanaitwa VESA, ya milimita 100 kwa 100. Meza yangu ni ndogo na naweka mausi kwenye kasi ya chini, nahitaji uwanja wa kufagia mkono. Stendi ya kiwandani inakula nafasi hiyo hiyo.

Kununua kwenyewe kuna fani yake. Ukishuka tu Msimbazi utapata winga. Ni mchangamfu, anakuita bosi, anajua kila duka, ila nauli yake imo ndani ya bei utakayoambiwa. Mwambie asante, ingia mwenyewe. Usiseme “nataka monita ya gemu”, maana kuna duka nilioneshwa ya Hz 75 yenye taa nyekundu nyuma, nikaambiwa ndiyo hiyo hiyo. Sema: IPS, Hz 144, inchi 24, iwashwe niione.

Na ikiwashwa usiishie kutazama picha ya maua. Windows mara nyingi huanzisha monita mpya kwa Hz 60, hivyo ingia Settings, System, Display, kisha Advanced display, uchague 144 wewe mwenyewe. Namba isipotokea usianze ugomvi: laptopu nyingi za zamani zina HDMI 1.4, na hiyo mara nyingi huishia 120. Washa bando lako, fungua tovuti ya TestUFO, tazama vile visahani vinavyopita. Weka kioo cheusi chote, kisha cheupe chote, utafute doti iliyokufa. Anayekataa kuiwasha, ondoka. Mwisho dai risiti ya EFD yenye jina la bidhaa, kwa sababu waranti ya mdomo huisha ukivuka barabara.

Za mtumba zipo na nyingine ni nzima kabisa, ila geuza nyuma uangalie matundu. Baadhi ya zile za zamani hutoa Hz 144 kupitia DVI tu, tundu ambalo kadi nyingi mpya zimeliacha.

Nyumbani nimeunga kwa waya wa DisplayPort. Sababu ni FreeSync, inayofanya kioo kiende sambamba na fremu za kadi: tangu Januari 2019 Nvidia iliruhusu kadi zake za GTX 10 na kuendelea zitumie monita za aina hii, na njia yenyewe ni DisplayPort. Fremu zikishuka chini ya 144, picha haikatiki katikati.

Jambo moja monita haitalitibu ni pingi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva ya gemu na kurudi. Seva za Valve, wenye CS2, zilizo na afadhali kwetu ziko Johannesburg na Dubai, na hizo milisekunde za safari ni nyingi kuliko zote tulizohesabu hapa. Ukiwa unacheza kwa intaneti ya simu jioni watu wote wa mtaa wakiwa mtandaoni, tengeneza hilo kwanza, waya wa LAN ukiwezekana. Umeme nao: adapta ya hii LG iko nje kama ya laptopu, ikiungua unanunua adapta bila kufungua kioo. Bado nimeipitisha kwenye UPS.

Wa PlayStation: PS5 inatoa 120 kwenye gemu zinazokubali, kwa hiyo hii itakufaa. PS4 inaishia 60, baki na televisheni yako.

Kuirudisha nyumbani chukua bajaji. Bodaboda atakwambia anaweza, na kweli anaweza, ila boksi litasafiri limelala mapajani kwako na goti lako likikandamiza kioo kila tuta la Tabata. Lisimamishe wima, mishale ikitazama juu, ulishike mwenyewe.