Silinda ya Mlango: Nenda Dukani na Rula

Karibuni tena. Mezani leo nina silinda mbili, hizi zinazoingia kwenye vitasa vya milango ya alumini, pale unapochomeka ufunguo. Ya kushoto ni ya kawaida, imejaa Kariakoo. Ya kulia, ukitajiwa bei utamwambia muuzaji arudie.

Kwa mbele zinafanana. Ngoja nizilaze ubavu. Mnaona hapa katikati? Kuna ulimi unaozunguka, halafu tundu la skrubu inayoshikilia silinda ndani ya kitasa. Kwa hiyo chuma kilichobaki hapa ni chembamba kuliko kwingine kote, tena ni shaba ya njano, laini. Mwizi hahangaiki kuchokonoa na waya kama kwenye sinema. Anaivunja hapa.

Hii ya bei wameichonga mkato karibu na uso. Ikilazimishwa, kipande cha mbele ndicho kinachokatika, sehemu inayofunga inabaki ndani. Uingereza, ambako wizi wa aina hii umesumbua sana, wana kiwango kinaitwa TS 007, na nyota tatu ndiyo daraja la juu. Lakini nyota kwenye boksi anaweza kuchapa yeyote, jamani. Tafuta mkato wenyewe.

Sasa hapa ndipo hela nyingi zinapotea. Unanunua silinda nzuri, fundi anaifunga imechomoza nje kama pua. Haikusaidii! Pima kuanzia katikati ya ile skrubu hadi uso wa nje wa mlango, kisha hadi uso wa ndani. Ndiyo maana zinauzwa milimita 30 kwa 30, 35 kwa 45, na kadhalika. Kwa nje isizidi bamba la mkono wa mlango kwa zaidi ya milimita 3. Fundi atakwambia, "Bosi, hiyo haina shida." Ina shida.

Kufuli la geti sitalikalia sana: hata liwe nene vipi, kama pete za geti linamopita zimechomelewa kwa nukta mbili za weldi, umefunga pambo.

Uamuzi wangu: mlango wa mbele, nunua ya kulia. Vyumba vya ndani, ya kushoto inatosha. Na wapangaji, msiogope, inashikwa na skrubu moja tu. Ongea na mwenye nyumba, toa ya zamani ambayo hujui wapangaji wangapi waliondoka na funguo zake, weka yako. Siku ya kuhama mrudishie ya kwake.